Rekodi Ukutani, Sumaku Mfukoni

Muuzaji wa gari kuukuu la Kiingereza hakufungulii boneti kwanza. Kwanza anakupitisha ukutani. Huyu tuliyemwendea, katika kijiji kimoja si mbali na Birmingham, alikuwa na banda safi kuliko jiko langu, na katikati yake lilisimama MGB jekundu la 1972, turubai limekunjwa nyuma, kromu inawaka. Ila yeye alianza na picha zake: magari ya wazi ya Kiingereza yaliyovunja rekodi, kila moja ndani ya fremu. Swahibu yangu, fundi bodi wa zamani wa Tanga aliyehamia Uingereza miaka mingi iliyopita na ambaye ndiye mnunuzi, aliguna tu. Mfukoni alikuwa na sumaku aliyoizungushia leso.

Mimi ndiye niliyezikodolea macho zile picha, basi nianze nazo.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Jaguar XK120 katika barabara kuu ya Jabbeke, Ubelgiji. Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza Oktoba 1948 katika ukumbi wa Earls Court, London, na jina lake lilikuwa dai lenyewe: 120 ni maili kwa saa, yaani kilomita 193. Wengi hawakusadiki. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, petroli Uingereza bado ilikuwa ya mgao, na hapa kiwanda cha Coventry kinauza kwa pauni 998 kabla ya kodi gari linalodai kuyapita yale ya mabwanyenye. Tarehe 30 Mei 1949 kampuni iliwapakia waandishi kwenye ndege ikawapeleka Jabbeke wakashuhudie wenyewe. Dereva Ron Sutton alipita mbele yao kwa kilomita 213 kwa saa. Kisha akarudi na kuwapitia polepole sana, gia ikiwa ile ile ya juu kabisa.

Magazeti yaliandika ile mara ya kwanza. Swahibu yangu alipoambiwa habari hizi aliuliza ya pili. Injini inayovuta bila kukohoa kutoka mwendo wa kutambaa hadi kilomita zaidi ya 200 kwa gia moja, alisema, hiyo ndiyo ya kutembelea kuiona. Na injini yenyewe ina hadithi: William Lyons, mwanzilishi wa Jaguar, na wahandisi wake waliijadili usiku wakati wa vita, walipokuwa zamu juu ya kiwanda kukilinda na moto wa mabomu.

Jabbeke iliendelea kuitwa kila mwenye madai alipotaka shahidi. Mei 1953 Triumph walikwenda na TR2 yao, gari la lita 2, wakapata kilomita 201. Oktoba mwaka huo huo Jaguar wakarudi. Norman Dewis, dereva wao wa majaribio, alitiwa ndani ya XK120 iliyozibwa kila tundu, juu ya kichwa chake wakapachika kibakuli cha plastiki angavu, akaonekana kama chakula kilichofunikwa kawa. Kilomita 277. Ni Dewis huyo huyo aliyeambiwa Machi 1961 aache kila kitu na aendeshe usiku kucha kutoka Coventry hadi Geneva, kwa sababu gari moja jipya la Jaguar E-Type lililokuwa kule kwenye maonyesho halikuwatosha watu waliopanga foleni kulijaribu. Lile la wazi alilolipeleka, lenye namba 77 RW, lipo mpaka leo.

Kuhusu hilo la Triumph nina neno zaidi, maana ukutani picha yake ilikuwa ndogo na haikustahili udogo huo. Injini ya TR2 ni ndugu wa damu wa ile iliyotiwa katika trekta la Ferguson TE20, lililotengenezwa na Standard, kampuni mama ya Triumph, huko Coventry. Yeyote aliyekulia karibu na mashamba makubwa anazijua Massey Ferguson. Hilo la Ferguson ndilo babu yao. Silinda za injini hiyo ni za kuchomoa: chuma kikichakaa, unakitoa kama kikombe na kupachika kingine, bila kuipeleka injini nzima kuchongwa. Mtu akikuuzia TR iliyokarabatiwa na kukuambia injini imefanywa upya, uongo wake una mipaka, kwa sababu kazi yenyewe si ngumu. Gari la rekodi ya Jabbeke linalotengenezeka kama trekta! Sijui kwa nini wauzaji hawalitangulizi hilo.

Picha moja haikuwa ya kushangilia. Austin-Healey 100S, mbio za Le Mans, Juni 1955. Lance Macklin alikuwa akiliendesha pale Mercedes ya Pierre Levegh ilipolipanda kwa nyuma, ikaruka na kuwaangukia watazamaji. Walikufa zaidi ya watu 80, Levegh akiwemo. Desemba 2011 gari hilo la Macklin lilipigwa mnada Uingereza kwa pauni 843,000, bei ambayo Austin-Healey yoyote ilikuwa haijawahi kuifikia mnadani. Na halikuwa limekarabatiwa. Lilitolewa ghalani na vumbi lake, rangi imechubuka, viti vimechanika. Huko juu mambo ni kinyume: kadiri fundi alivyoligusa kidogo ndivyo tajiri anavyotoa zaidi. Wasifu wa mashindano nao hupandisha bei, kama kwa lile Aston Martin DBR1 la 1956, moja kati ya matano tu yaliyoundwa, ambalo Agosti 2017 liliuzwa California kwa dola milioni 22.55. Siku ile hakuna gari la Kiingereza lililokuwa limewahi kufika hapo kwenye mnada. Mtu wa mshahara anaziangalia bei hizo kama anavyoangalia mwezi.

Kuna rekodi nyingine ambazo hazikuwa ukutani kabisa. Morgan 4/4, kwa mfano, liliingia sokoni 1936 na jina hilo likaendelea kuuzwa, kwa mapumziko ya vita na miaka kadhaa ya baadaye, hadi 2018. Ni vigumu kupata gari jingine lililobeba jina moja muda mrefu hivyo. Namba zake ni nyepesi kusoma: magurudumu manne, silinda nne, jambo la kujivunia kwa kiwanda kilichoanza na magari ya magurudumu matatu. Watu husema chasisi yake ni ya mbao. Si kweli. Chasisi ni chuma. Mbao ni ile mifupa inayoshika bodi, na mpaka leo kule Malvern mafundi wanairanda kwa mkono. Anayenunua Morgan iliyokarabatiwa haulizi kutu peke yake, anauliza na kuoza, na mtu wa pwani atataka kujua kuhusu mchwa.

Kati ya magari haya ya wazi, dogo na la kuchekesha kuliko yote lilikuwa Austin-Healey Sprite la 1958, lile la macho ya chura. Urefu wake haufiki mita 3.5, nguvu farasi 43, injini ni ya ukoo wa Morris Minor. Milango haina vishikio vya nje. Unatia mkono ndani. Buti halina mlango. Mizigo unaisukuma nyuma ya viti kama unayeficha kitu. Taa zilikusudiwa kulala ndani ya boneti, lakini gharama ikakataa, zikabaki zimetokeza, na ubahili huo ndio uliolipa sura inayopendwa mpaka sasa.

Nikamwuliza muuzaji: na hili jekundu lako lina rekodi gani? Akacheka, akasema hili halijawahi kushinda kitu.

Hapo alikosea. Kaka yake wa kwanza, MGA, lililoundwa kati ya 1955 na 1962, lilifika magari 101,081, na kati ya hayo ni 5,869 tu yaliyouzwa Uingereza kwenyewe. Mengine yote yalipanda meli, sehemu kubwa kwenda Marekani. Hakuna gari jingine la Kiingereza ambalo wenyewe walibakiwa na sehemu ndogo hivyo. MGB likafuata 1962 kutoka kiwanda hicho hicho cha Abingdon, na mpaka mlango wa kiwanda unafungwa Oktoba 1980, ukihesabu na ndugu zake wenye paa la chuma na wale wa injini kubwa, yalikuwa yametoka magari 523,836. Hakuna gari la michezo la Kiingereza lililokaribia idadi hiyo. Iliwabidi Wajapani na Mazda MX-5 yao ndio waipite: mwaka 2000 kitabu cha Guinness kiliitambua kuwa gari la michezo la viti viwili lililouzwa zaidi duniani, likiwa na 531,890.

Sasa, wingi si sifa inayopendeza kwenye fremu. Lakini kwa anayenunua gari lililofufuliwa, ndiyo rekodi pekee ambayo ataila. Spea za MGB hazijaisha kwa sababu wenye MGB hawajaisha. Mwaka 1988 shirika la British Motor Heritage lilikusanya mashine na kalibu za zamani zilizosalimika, likaanza kuunda bodi nzima mpya za gari ambalo kiwanda chake kilikuwa kimefungwa miaka minane. Unaweza kununua bodi tupu isiyo na chembe ya kutu na kuhamishia humo injini, ekseli na viti vya gari lako. Fanya hivyo kwa Jensen au kwa Daimler la zamani uone. Bodi hizo ndizo zilizozaa MG RV8 ya miaka ya 90, gari la wazi la injini ya V8 ambalo yaliundwa chini ya 2,000 na zaidi ya robo tatu yakapelekwa Japani. Sasa yanarudi Uingereza moja moja, mitumba ya Japani kama ile tunayoipokea Dar na Mombasa, tofauti ni kwamba haya yanarudi kwao.

Kwa nini nasisitiza bodi na si injini? Kwa sababu barabara za Uingereza hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na gari la wazi halina paa la kulisaidia kubeba uzito wake. Uti wa mgongo wa MGB ni vile vizingiti viwili chini ya milango. Kila kimoja ni chuma cha tabaka tatu, na tabaka la ndani likioza hulioni. Mkarabati mvivu huchomelea tabaka jipya la nje juu ya lililooza, anapiga puti, anapiga rangi, anapiga picha. Na gari la zaidi ya miaka 40 huko halilipi ushuru wa barabara wala, kwa kawaida, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi ni mnunuzi mwenyewe.

Swahibu yangu alipiga goti. Alipitisha sumaku, leso katikati ili isikwaruze rangi, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma upande wa kulia. Ikashika mwanzo mwisho. Akahamia kushoto. Ikashika, ikashika, halafu kama shubiri moja kabla ya gurudumu la nyuma ikamtelezea mkononi.

Hakusema neno. Akaomba jeki, akaliinua gari upande huo, akafungua mlango wa kushoto na kujaribu kuufunga. Ulikuwa mzito kidogo, ule mwanya wa nyuma umebana. Gari lenye vizingiti vizima unaliinua na milango inajifunga kama haikujua kitu.

Muuzaji akaleta albamu. Ukarabati wote ulipigwa picha: injini nje, giaboksi mezani, betri zake mbili za volti 6 nyuma ya viti, waya za Lucas zimetandikwa upya moja moja (na Waingereza wana mzaha wa kale kwamba Lucas ndiye Mkuu wa Giza). Kizingiti cha kulia kilikuwa na picha sita. Swahibu yangu alifunua, akarudisha, akafunua tena.

"Ndugu yangu," akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya kawaida kabisa, "arusi nzima imepigwa picha, ila upande wa kushoto wa bi arusi haumo."

Tulikaa kwenye chai karibu saa nzima. Muuzaji hakuwa mwongo. Kwa maelezo yake, upande huo ulifanywa na mwenye gari wa kabla yake, naye aliuamini. Swahibu yangu hakumgombeza. Alimwandikia kwenye karatasi bei ya vipande vitatu vya chuma, siku zake mwenyewe za kuchomelea, na rangi ya upande mmoja, akatoa jumla hiyo kwenye bei iliyotajwa, kisha akamsogezea karatasi. Muuzaji aliisoma mara mbili, akatazama ukuta wake, akatia mkono.

Jumatatu swahibu yangu aliagiza kizingiti. Alhamisi kilimfikia kwa posta, kimefungwa katika boksi refu la katoni, na mke wake alidhani ni fimbo za mapazia.