Asili ya Kanuni ya Imani

Wasikilizaji wetu, jambo tutakalolieleza leo ni lile ambalo wengi wenu hulitamka kanisani, yaani Kanuni ya Imani, ile iliyotoka Nikea. Sisi tufundishao twajua jinsi watoto wawezavyo kuisema kwa ghaibu bila kukwama hata neno moja. Lakini tukiwauliza, "Kwa nini twasema kwamba Mwana alizaliwa, wala hakuumbwa?" darasa zima hunyamaza. Wala si watoto tu. Wazazi wao nao hutazama chini. Basi yafaa tujue maneno hayo yalitoka wapi, kwa maana wako watu walioyatolea machozi.

Yapata mwaka 318, katika mji wa Aleksandria, nchi ya Misri, alikuwako kasisi mmoja jina lake Ario, mtu wa elimu na maneno matamu. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, na hilo Wakristo wote walilikubali. Lakini aliongeza kwamba Mwana hakuwako tangu milele, bali aliumbwa na Mungu kabla ya vitu vyote, naye ni mkuu wa viumbe. Mafundisho hayo aliyatia katika nyimbo, nazo, kama isimuliwavyo, ziliimbwa na mabaharia na wasaga nafaka. Askofu wake, Aleksanda, alimpinga, na ugomvi ukaenea mbali.

Ndipo Kaisari Konstantino alipowaita maaskofu wakutane Nikea, mji uitwao siku hizi Iznik, katika nchi ya Uturuki. Hayo yalikuwa mwaka 325. Walifika maaskofu zaidi ya 200, na husemwa kwamba wengine walikuwa na makovu ya mateso yaliyowapata Wakristo tangu mwaka 303. Baada ya mabishano wakakata shauri kuandika kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Maaskofu wawili walikataa, wakahamishwa pamoja na Ario.

Maana yake ni nini? Seremala akichonga kiti, kiti si mtu. Lakini akizaa mtoto, mtoto huyo ni mtu kama yeye. Kilichofanywa si cha asili ya mfanyaji. Aliyezaliwa ni wa asili ya mzazi. Hata hivyo mfano huu wapungua, kwa kuwa baba wa kibinadamu hutangulia mwanawe. Basi tazameni taa: mara iwakapo, nuru yake ipo, haichelewi nyuma. Ndivyo Wakristo wasadikivyo kwamba Baba hakuwa kamwe pasipo Mwana, wala pasipo Roho Mtakatifu. Nafsi tatu, Mungu mmoja.

Labda mtu atasema, "Haya ni maneno ya wataalamu tu." Sivyo. Mtoto akiugua katika mji wa mbali, baba yake aweza kumpelekea mtumishi mwenye salamu na dawa. Au aweza kuondoka mwenyewe, akaketi karibu na kitanda chake. Kama Ario alisema kweli, tulipelekewa mtumishi. Kama Nikea ilisema kweli, Mungu mwenyewe alikuja, akafa msalabani, akafufuka. Tofauti hiyo si ndogo kwa mgonjwa.

Ugomvi haukwisha siku ile. Athanasio, aliyekuwa shemasi wa Aleksanda huko Nikea, akawa askofu mwaka 328, akahamishwa mara 5 kwa ajili ya neno lile moja. Mwaka 381, huko Konstantinopoli, maaskofu walithibitisha imani hiyo, nayo mapokeo yasema kwamba hapo ndipo yalipopatikana maneno juu ya Roho Mtakatifu na Kanisa: kwamba Kanisa ni moja, ni takatifu, ni la watu wote, tena lashika mafundisho ya Mitume.

Hapo nasi hatuna budi kujipima. Makanisa ya mashariki na ya magharibi yalitengana, na mwaka 1054 hukumbukwa kwa farakano hilo. Mojawapo ya sababu zake ni neno lililoongezwa katika kanuni hii hii. Na mtu asemaye kwamba Kanisa ni la watu wote, kisha akakataa kuketi pamoja na mtu wa kabila jingine, ajikana kwa kinywa chake mwenyewe.

Basi mtakapoisema tena, isemeni polepole, kama watu wajuao gharama yake.