Sababu gani ngano inalala chini?

Wanafunzi wenzetu, mliona ngano inalala kisha mvua kubwa? Si kosa la upepo peke yake. Mkulima alitia mbolea nyingi, shina likarefuka, suke likawa zito, basi likaanguka. Suke likigusa udongo wenye maji, mbegu zinaota palepale ao zinaoza.

Ndani ya mmea kuna jiberelini, ndiyo inarefusha shina. Mwaka 1960 Tolbert wa Marekani alitangaza dawa ya klormekwati, inayozuia mmea kuitengeneza. Wakulima wa Ulaya wanaipuliza mapema, shina likianza tu kupanda. Linabaki fupi na gumu. Suke likikwisha kutoka, ni kazi bure. Na kwa ngano fupi ya udongo maskini? Ni kupoteza feza.