Ukishamwambia Mkubwa, Je, Dhima Imekuondoka?

Bismi-Llaahir-Rahmaanir-Rahiym

Sifa zote njema ni za Allaah, na Rehema na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake. Ama ba'ad.

Ndugu zetu, kuna swali linatufikia kwa sura mbalimbali. Mtu ameona, au amepata shaka yenye msingi, kuwa mtoto anadhalilishwa na mtu mwenye heshima zake, awe mwalimu, kocha au jamaa. Anakwenda kumwambia mkubwa wa pahala pale. Mkubwa anamjibu: "Nimesikia, niachie mimi." Siku zinapita na haoni kilichofanyika. Je, mtu huyu ametekeleza wajibu wake? Au bora angelisitiri tokea mwanzo, kwa kuwa dini yetu imehimiza stara?

Tumeona tulijibu swali hili kwa kupitia kisa kilichotokea Marekani, katika chuo kikuu. Tumechagua cha mbali kwa makusudi. Visiwa vyetu ni vidogo na sote tunajuana. Tukitoa mfano wa hapa hakosi mtu wa kusema "hapo nimekusudiwa mimi". Kisa cha mbali kinatupa nafasi ya kuitazama tabia yenyewe.

KISA CHENYEWE

Katika jimbo la Pennsylvania kuna chuo kikuu kiitwacho Penn State. Jina lake lilikuzwa sana na timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu. Uwanja wake unachukua zaidi ya watu 100,000. Kocha mkuu, Joe Paterno, alishika nafasi hiyo tangu 1966, na watu wakimheshimu kama mzee wa mji. Msaidizi wake wa miaka mingi alikuwa Jerry Sandusky. Huyu mwaka 1977 alianzisha jumuiya ya kuwasaidia watoto wa familia zenye shida, na ndiko alikowapata watoto aliowadhuru. Alistaafu ukocha mwaka 1999, lakini akaachiwa ruhusa ya kuingia na kutoka katika majengo ya michezo.

Mwaka 1998 mama mmoja alimwona mwanawe wa miaka 11 amerudi nyumbani na nywele mbichi. Alipomuuliza, mtoto akasema ameoga pamoja na kocha huyo. Mama akaripoti. Polisi wa chuo walichunguza, na mwendesha mashtaka akaamua kutofungua kesi.

Mwaka 2000 mfanya usafi mmoja alimwona Sandusky na mtoto bafuni usiku. Alitoka akitetemeka, akawaeleza wenzake. Kwa mujibu wa ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2012, wafanya usafi wale waliogopa kufukuzwa kazi. Hakuna aliyeripoti.

Ijumaa usiku, Februari 2001, kijana wa miaka 26 aliyekuwa msaidizi katika timu, Mike McQueary, aliingia katika chumba cha kubadilishia nguo akamkuta Sandusky na mtoto bafuni katika hali ya uchafu. Aliondoka, akampigia simu baba yake. Asubuhi ya Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Paterno akamweleza. Paterno akamfikishia habari mkurugenzi wa michezo, Tim Curley. Habari ikafika kwa Gary Schultz, kiongozi aliyekuwa pia msimamizi wa polisi wa chuo, na ikafika kwa rais wa chuo, Graham Spanier. Mwanzo walifikiria kuiarifu idara ya serikali inayolinda watoto. Baadaye wakabadilisha: wazungumze na Sandusky mwenyewe, wamkataze kuleta watoto chuoni, na waiambie jumuiya yake. Waliona hiyo ndiyo njia ya ubinadamu.

Ubinadamu huo ulikuwa kwa mtu mzima aliyetuhumiwa. Mtoto yule hakuna aliyemtafuta. Hakuna aliyeuliza jina lake, wala kama usiku ule alirudi kwao salama.

Miaka saba ikapita. Mwaka 2008 mama wa mtoto mwingine, wa skuli ya mji wa jirani, alipeleka malalamiko ya mwanawe, na hapo uchunguzi ukaanza kweli. Novemba 2011 Sandusky alishitakiwa. Juni 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45 yaliyohusu watoto 10, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Yeye hadi leo anakana. Miongoni mwa watoto wale wamo waliodhalilishwa baada ya usiku ule wa 2001, yaani baada ya wakubwa wa chuo kupata habari.

Mwaka 2017 Curley na Schultz walikiri kosa la kuhatarisha usalama wa watoto, na Spanier akatiwa hatiani kwa kosa hilo hilo. Kila mmoja alikaa jela miezi michache. Chuo kimelipa fidia ya zaidi ya dola milioni 100 kwa waathirika.

MUHALI HAUNA TAIFA

Sisi huku tuna neno letu: muhali. Tukidhani ni tabia ya visiwani tu, basi tusikilize yaliyosemwa mahakamani. McQueary alieleza kuwa hakumtajia Paterno kila alichokiona kwa uwazi, kwa sababu ya kumheshimu. Ni mzee, na mambo yale ni aibu kuyatamka mbele yake. Naye Paterno alieleza kuwa hakuwapigia wakubwa wake siku ile ile kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na hakutaka kuwasumbua mapumziko yao.

Tuyapime maneno haya. Kijana anaona haya kwa mzee wake. Mzee anaona haya kwa wakubwa wake. Wakubwa wanaona haya kwa mwenzao wa miaka mingi. Kila mmoja ana adabu nzuri kwa aliye juu yake, na mtoto yuko chini kabisa, hana wa kumwonea haya. Habari ilipopanda ngazi ilizidi kupoa, mpaka ilipofika juu ikawa jambo la kuzungumzwa taratibu baina ya watu wazima.

Na waliovunja ukimya huo mara mbili ni akina mama, hawana cheo chochote katika chuo kile.

SHERIA NA DHIMA

Paterno hakuwahi kushitakiwa. Sheria ya jimbo wakati ule ilimruhusu mfanyakazi kumwarifu mkubwa wa taasisi, na mkubwa ndiye apeleke serikalini. Kwa karatasi alitimiza. Lakini mkuu wa polisi wa jimbo alisema wazi kuwa pamoja na wajibu wa sheria upo wajibu wa kimaadili. Paterno mwenyewe, siku alipoondolewa kazini, alikiri kuwa anatamani angelifanya zaidi. Alifariki Januari 2012. Baadaye sheria ikabadilishwa: tangu mwisho wa 2014, mwenye wajibu wa kuripoti anaripoti serikalini yeye mwenyewe moja kwa moja, kisha ndio amwarifu mkubwa wake.

Wenzetu walifika hapo kwa gharama kubwa. Sisi katika Sharia msingi huu tunao. Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) ameharamisha kuficha ushahidi, na ameeleza kuwa mwenye kuuficha, moyo wake ndio unaoingia katika dhambi (Al-Baqarah: 283). Ametuamrisha pia kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili Yake, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa, awe tajiri au masikini (An-Nisaa: 135). Ushahidi ni amana, na amana haitoki shingoni kwa kumwachia mtu usiyejua kama ataifikisha. Ukimpa mtu barua ya dawa ya mgonjwa, kisha ukasikia hakuifikisha, hukai ukasema "mimi nilishampa".

SHUBUHA NNE NA MAJIBU YAKE

Ya kwanza: "Uislamu umehimiza stara." Ni kweli, na Hadiyth ya kumsitiri Muislamu ni sahihi. Lakini Imaam An-Nawawiy, katika sherehe yake ya Swahiyh Muslim, ameeleza kuwa stara inayopendekezwa ni kwa mtu asiyejulikana kwa madhara na ufisadi, katika maasi yaliyokwisha kupita. Ama maasi ambayo mtu bado yumo ndani yake, ni wajibu kuyazuia kwa mwenye uwezo, na asiyeweza ayapeleke kwa mwenye mamlaka. Anayedhalilisha watoto si mja aliyeteleza faraghani baina yake na Mola wake. Ana mdhulumiwa, na kesho atakuwa na mwengine. Kumsitiri ni kumfungulia mlango.

Ya pili: "Hiyo ni dhana tu, na dhana ni dhambi." Aayah ya Suwrat Al-Hujuraat (12) imetukataza dhana nyingi, na ikabainisha kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, haikusema zote. Aayah ya 6 ya Suwrah hiyo hiyo imeamrisha kuhakikisha habari. Kuhakikisha huko katika jambo hili ni kazi ya wenye ujuzi: polisi, daktari, afisa wa ustawi wa jamii. Wewe si kadhi wa kuhukumu. Unaeleza ulichokiona au alichokuambia mtoto, huongezi wala hupunguzi, na hutamki hukumu juu ya mtu. Kueleza hivyo kwa mwenye mamlaka ili ichunguzwe ni mbali na kumsingizia mtu hadharani. Kusambaza jina lake na la mtoto katika makundi ya simu ndiko kulikokatazwa. Kunamdhuru mtoto, kunaharibu uchunguzi, na pengine kunamdhulumu asiye na kosa.

Ya tatu: "Ni mtu mkubwa, ameitumikia jamii." Mwanamke wa kabila tukufu la Bani Makhzuum alipoiba, jamaa zake walimtuma Usaamah bin Zayd amwombee kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Mtume alikasirika, akaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu anapoiba na kumwadhibu mnyonge, na akaapa kuwa hata angelikuwa Faatwimah binti yake asingelimwacha. Hadiyth hii imo katika Al-Bukhaariy na Muslim. Usiku Paterno alipoondolewa, maelfu ya wanafunzi walimiminika mabarabarani kumtetea, wakapindua gari ya televisheni. Tujiulize: siku atakapotuhumiwa ustadhi tunayempenda, sisi tutakimbilia upande gani kwanza?

Ya nne: "Naogopa kazi yangu." Hofu hii hatuidharau. Mfanya usafi yule hakuwa na kinga. Mwenye kuona munkari anaubadilisha kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wa mkurugenzi si wa mfagizi. Dhambi kubwa iko kwa waliojenga pahala ambapo mnyonge anaogopa kusema kweli. Lakini tusijipe udhuru wa haraka. Akishindwa kusimama peke yake, asimame na mwenzake, au amfuate mtu aliye nje ya taasisi ile.

KWETU SISI

Basi jibu letu kwa muulizaji ni hili: kumwambia mkubwa ni mwanzo wa wajibu, si mwisho wake. Dhima haijakuondoka mpaka habari ifike kwa wenye uwezo wa kumlinda mtoto. Baada ya siku moja, si mwezi, rudi uulize: umeripoti wapi, kwa nani, lini? Ukikosa jibu la wazi, nenda wewe. Na kama kuna hatari ya sasa hivi, anza na polisi.

Hapa Zanzibar milango ipo: Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, maafisa wa ustawi wa jamii, vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, pamoja na simu ya bure ya 116. Ikiwa kitendo ni cha karibuni, mtoto asioshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kufikishwa hospitali. Msimhoji mara kwa mara, na msimkutanishe na mtuhumiwa "ili tusikie pande zote".

Tunawanasihi pia wazee juu ya sulhu za majumbani. Baba kupokea pesa, au familia mbili kukubaliana yaishe kwa sababu ya ujirani, si sulhu. Haki ni ya mtoto, na walii hana ruhusa ya kuiuza. Wala tusighafilike na watoto wa kiume. Wengi wetu tunamchunga binti na kumwachia mvulana aende kambi za mpira na safari za mashindano na mtu yeyote aliyeitwa kocha. Watoto wote wa kisa hiki walikuwa wavulana, na aibu ya mvulana kusema ni nzito. Mzoesheni kuwa akikuambieni jambo hatopigwa wala kuchekwa.

Kwa wakuu wa skuli, vyuo vya Qur-aan na timu: mwekeni wazi kila mfanyakazi, hadi mfagizi, kwamba anaruhusiwa kuripoti nje bila ya kupitia kwenu. Taasisi haivunjiwi heshima kwa kuripoti. Penn State ilijaribu kulinda jina lake kwa ukimya, na leo jina hilo likitajwa, watu wengi duniani hukumbuka ukimya ule.

Tunamuomba Allaah awahifadhi watoto wetu, awaponye waliodhulumiwa, na atupe ujasiri wa kusema kweli pale ambapo muhali unatufunga midomo.

Wa-Allaahu A'lam.