Diski ya pili inapogoma, kuifomati si dawa

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, kompyuta kuukuu haitupwi upesi. Hutoka ofisini ikaenda nyumbani, kisha ikaishia katika studio ya picha au kibanda cha kupiga chapa. Aghalabu huongezewa diski ya pili, iliyong'olewa kwenye mashine iliyokufa ili picha za arusi na hesabu za biashara zilizomo zisipotee.

Hapo ndipo balaa huanza. Diski inafungwa, kompyuta inawashwa, lakini haionekani. Ama inaonekana na Windows inaomba kuifomati. Anayekubali ombi hilo huenda akapoteza kile kile alichokusudia kukiokoa, ilhali hitilafu yenyewe mara nyingi ni ndogo.

Kwanza hutazamwa iwapo mashine inaitambua diski kabla ya Windows kuanza. Hilo hubainika katika BIOS, ukurasa unaofunguka katika kompyuta nyingi kwa kubonyeza Delete au F2 punde tu umeme unapoingia. Ikiwa diski haimo, kosa si la Windows. Huenda ni umeme usioifikia, kebo iliyolegea au jampa.

Jampa ni kijipande cha plastiki chenye chuma ndani, kinachochomekwa nyuma ya diski za zamani, zile zilizotumia kebo bapa kabla ya SATA kuenea miaka ya 2000. Kebo moja hubeba diski mbili, na lazima moja iwe kuu, nyingine tegemezi. Diski iliyotoka mashine nyingine kwa kawaida ilikuwa kuu huko; ikiletwa bila jampa kubadilishwa, fahali wawili hujikuta zizi moja. Mpangilio sahihi huchapishwa kwenye kibandiko cha diski. Wengi husahau kwamba baadhi ya diski za Western Digital zina mpangilio wa kukaa peke yake na mwingine wa kuwa kuu yenye mwenzake, hivyo hata jampa ya diski mwenyeji huhitaji kuhamishwa. Yote hayo hufanywa kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umeng'olewa.

Diski ikionekana katika BIOS, ni zamu ya Windows. Kuandika diskmgmt.msc kwenye kisanduku cha Run hufungua orodha ya diski zote, na isiyo na herufi hupewa herufi bila chochote kufutika. Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, ina mipaka yake: toleo la kwanza la 2001 halikumudu diski inayozidi gigabaiti 137, na XP ya biti 32 haisomi diski zilizogawanywa kwa mtindo wa GPT. Diski ya namna hiyo ni nzima; mashine ndiyo imezeeka, na kompyuta mpya zaidi itaisoma. Iliyotoka kwenye Linux nayo husomeka kwa CD ya Ubuntu.

Diski inayotoa mlio wa kugongagonga ni kisa kingine. Hiyo isiwashwe tena na tena, wala isifunguliwe kibandani: pengo kati ya kichwa cha kusomea na sahani yake ni jembamba kuliko unywele, na chembe moja ya vumbi la barabarani yatosha kuikwaruza.