Fundo la Kikuku cha Harusi

Nilipofika Majengo, Thika, siku mbili kabla ya harusi ya mpwa wangu, nilikuta nyumba imenuna. Kikuku cha dhahabu alichoachiwa na mamake, marehemu dada yangu, kilikuwa mezani, na hapana aliyekigusa. Katikati yake nyuzi mbili za dhahabu zimepitana na kukazwa fundo.

“Mjomba,” alinambia bi harusi, “shangazi ataka kiyeyushwe.”

“Shemeji, wewe umesoma chuoni,” akadakia shangazi mtu. “Suratul Falaq haikutuonya na mafundo? Hili litamfunga mtoto uzazi.”

Asubuhi tulikipeleka kwa sonara mmoja Ruiru. Akakipima, akasema, “Nikikiyeyusha, dhahabu itabaki. Kazi ya mkono ndiyo itakayokwenda.”

Msomaji mpenzi, fundo lile nalijua. Ni fundo la Herakles, jabari wa ngano za Wayunani, aliyedaiwa kuwanyonga nyoka wawili angali mtoto mchanga. Alipomuua simba, alijifunga ngozi yake kifuani kwa fundo hilo. Iskandar wa Makedonia alipoitwaa Uajemi, zaidi ya miaka 300 kabla ya Nabii Isa, dhahabu ilifurika Uyunani, na masonara wakalitia fundo hilo katika mataji na vikuku, liwe kinga kwa mvaaji. Taji moja la namna hiyo, kutoka kisiwa cha Melos, limo katika jumba la British Museum, London.

Warumi nao walimfunga bi harusi mshipi kwa fundo hilo, mume aje alifungue. Walimtakia uzazi kama wa Herakles, aliyesemekana kuacha watoto 70.

Basi tazama ajabu! Shangazi aliogopa fundo lizuialo uzazi. Warumi walitumai fundo liletalo uzazi. Wote wamelipa fundo kazi isiyokuwa yake.

Tuliporudi Thika nilimwambia, “Shemeji, sura ile yatufunza kujikinga kwa Mola na shari ya wapulizao mafundoni. Dhahabu haikupuliza mtu. Mtoto ni riziki ya Mungu, na kikuku hiki ni mkono wa mamake.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akakitwaa, akakipangusa kwa upindo wa leso yake, akamvisha bi harusi kwa mkono wake mwenyewe.