Gofu Pwani ya Kenya: Maji ya nyasi ndiyo yanayoamua biashara ya hoteli

Wafanyabiashara wanaopeleka machungwa, vitunguu, samaki na vifaa katika hoteli za Pwani ya Kenya huhesabu msimu kwa ndege za watalii zinazotua Mombasa. Kipo kipimo kingine ambacho wachache hukitazama, nacho ni hali ya nyasi za viwanja vya gofu mwezi Februari. Hoteli iliyotumia fedha nyingi kujenga uwanja haiwezi kuuacha ukauke. Maji yanayotumika kuukinga ndiyo yanayozua ubishi na majirani, na ndiyo pia yanayopandisha gharama za hoteli hiyo.

Gofu si mgeni Pwani. Klabu ya Gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911, juu ya ukingo unaotazama bahari. Baadaye kulikuja viwanja vya Nyali, Malindi na Diani. Unaotajwa sana siku hizi ni Vipingo Ridge katika Kaunti ya Kilifi, uliojengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya mashamba ya katani. Uwanja wake wa Baobab, wenye mashimo 18, uliandaa mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open mwaka 2019, na Mjerumani Esther Henseleit akaondoka na ushindi.

Hesabu ya wenye hoteli inaeleweka. Mtalii wa pwani peke yake ni rahisi kumpoteza. Mwezi Mei 2014, Uingereza ilipowashauri raia wake wasisafiri kwenda Mombasa bila sababu ya lazima, watalii walirudishwa kwao na baadhi ya hoteli zikafunga milango. Mcheza gofu huja kwa ajili ya uwanja. Hulipa ada ya kucheza, hukodi kigari, humlipa kedi wa kumbebea mfuko, na mara nyingi huja na wenzake. Isitoshe, wengi wao hutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kwa hiyo hawangoji ushauri wa usafiri kutoka Ulaya.

Boza 125 kwa siku

Upande wa pili ni maji. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni sawa na lita 10,000, yaani boza moja la kawaida. Tuseme uwanja wa mashimo 18 unamwagilia hekta 25 za nyasi, na jua na upepo vinanyonya milimita 5 kwa siku, kiasi ambacho si cha ajabu Pwani wakati wa kiangazi. Hapo zitahitajika lita 1,250,000 kwa siku, sawa na maboza 125 au madumu 62,500 ya lita 20. Familia inayotumia madumu 10 kwa siku ni familia ya kujiweza kwa maji, na kwa kiasi hicho zingehudumiwa familia 6,250.

Jambo baya zaidi ni wakati wenyewe. Watalii wengi wa kigeni huja kati ya Desemba na Machi, kukwepa baridi ya kwao. Hicho ndicho kipindi cha kaskazi, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na masika hayajaanza. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote Mombasa. Kwa maneno mengine, uwanja unatakiwa uwe kijani zaidi wakati ambapo visima viko chini zaidi. Na mji wenyewe una shida ya siku nyingi: Mombasa haina mto wa kuitosha, hutegemea maji yanayovutwa kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mahitaji yamezidi kiasi kinachofika.

Ndiyo maana hoteli nyingi za ufukweni huchimba visima vyao. Hapa ndipo wenye maboza wanapaswa kutega sikio, maana wao pia huchota humo humo. Ardhi ya ufukweni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Chini yake maji baridi, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa maji ya ardhini husema kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kinyume chake pia ni kweli. Pampu zikishusha maji kwa mita 1 tu, mpaka wa chumvi unaweza hatimaye kupanda kwa mita 40. Kisima kikishaonja chumvi, kukirudisha huchukua miaka, na anayeumia kwanza ni jirani mwenye kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono.

Zanzibar ina somo la aina hiyo hata pasipo gofu. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mtalii mmoja katika pwani ya mashariki ya Unguja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo iliishia kwenye bustani za hoteli.

Zipo njia za kupunguza mzigo huo. Ya kwanza ni mabwawa ya kukinga mvua za masika. Ya pili ni kusafisha majitaka ya hoteli na kuyamwagia nyasi, na hii ndiyo yenye akili kuliko zote, kwa sababu hoteli ikijaa wageni majitaka nayo huongezeka, yaani maji ya nyasi huja pamoja na msimu. Ya tatu ni kupanda nyasi za paspalum, ambazo huvumilia maji yenye chumvi kiasi. Kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari kunawezekana, lakini hula umeme mwingi na huacha maji makali ya chumvi yanayotafutiwa pa kutupwa.

Mbolea nayo ina njia yake. Mwamba wenye matundu hauchuji sana, na mbolea ya chumvichumvi inayopita nyasi huweza kufika baharini na kukuza mwani unaofunika matumbawe. Matumbawe hayo ndiyo mazalia ya samaki ambao hoteli hiyo hiyo hununua kwa wavuvi. Kwa haki, uwanja una faida yake pia: mvua huzama ardhini, jambo lisilotokea kwenye saruji na lami. Mengi hutegemea kilichokuwepo kabla. Kugeuza shamba la katani si sawa na kukata msitu wa Diani, wanakoishi mbega ambao madereva wa barabara ya ufukweni huwaona wakivuka juu kwa madaraja ya kamba.

Kwa wanaovusha mizigo Horohoro na Lunga Lunga

Biashara ya viwanja hivi ina masharti yake mpakani. Dawa ya kuua magugu au wadudu iliyosajiliwa Tanzania haiuziki Kenya mpaka isajiliwe na bodi ya nchi hiyo inayosimamia viuatilifu, PCPB. Miche ya nyasi ni mmea hai, kwa hiyo huhitaji kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS pamoja na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA. Machungwa ya Muheza nayo hayapiti bila cheti hicho. Mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Afrika Mashariki huweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa hapo hapo mpakani.

Mgavi anayetakiwa kupeleka bidhaa kwa mkopo wa siku 60 ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kupakia. Je, hoteli ina kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji cha kuchota kwenye visima vyake? Na Februari iliyopita, maji ya kumwagilia yalitoka wapi? Hoteli iliyokuwa ikinunua maji kwa maboza kila siku ili kuokoa nyasi ilikuwa ikiwalipa wenye maboza kabla ya kumlipa muuza vitunguu.