Dawa ya Deni Kulipa: Kadi za Benki kwa Mgeni wa DeSoto

Mgeni anayehamia DeSoto, mji wa watu wapatao 56,000 kusini mwa Dallas, hugundua mambo mawili mapema. La kwanza, bila gari hafiki mbali, kwa kuwa DeSoto haimo katika miji wanachama wa DART, shirika la mabasi na treni la Dallas na vitongoji vyake. La pili, bila kadi hafiki mbali vilevile. Duka la vyakula litapokea noti zake, lakini mwenye nyumba, kampuni ya simu na kampuni ya bima hupenda kadi au akaunti ya benki.

Kila muhula wageni wanatuuliza maswali yaleyale. Nichukue kadi gani? Kwa nini nimenyimwa nyumba nami sidaiwi na mtu? Tumeona tuyajibu hapa kwa pamoja, maana kosa dogo la mwezi wa kwanza linaweza kumfuata mtu miaka mingi.

Kadi mbili, fedha mbili

Kwa sura kadi hizi ni mapacha, plastiki ileile yenye tarakimu 16 na chembe ya dhahabu. Tofauti yake ni fedha ya nani inayotoka. Kadi ya debiti hutoa fedha yako mwenyewe kwenye akaunti, papo hapo. Tuliozoea M-Pesa tangu ilipoanza Kenya mwaka 2007 tunaielewa bila shida: kama salio halipo, hakuna muamala. Kadi ya mkopo hutoa fedha ya benki, kisha mwisho wa mwezi benki inakuletea ankara.

Tofauti hiyo huonekana zaidi siku kadi inapoibwa. Kwa kadi ya mkopo, sheria ya Marekani inasema hasara yako haizidi dola 50. Kwa kadi ya debiti saa inahesabu. Ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue kwamba imepotea au imeibwa, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa, inaweza kufika dola 500. Ukikaa zaidi ya siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti yenye wizi huo, fedha zitakazoibwa baada ya hapo unaweza usirudishiwe kabisa. Kwa hiyo fungua taarifa ya akaunti kila mwezi, uisome mstari kwa mstari. Na fedha ya kodi ya nyumba isikae kwenye akaunti ambayo kadi yake unaipitisha kila kituo cha mafuta.

Pampu ya mafuta nayo ina mambo yake. Kadi uliyotoka nayo Dar es Salaam au Mombasa inaweza kukataliwa, kwa sababu mashine inauliza postikodi ya tarakimu tano, na benki ya nyumbani haina namba hiyo. Ingia ndani, mwambie mhudumu namba ya pampu na kiasi unachotaka, ulipie hapo. Ukiwa na kadi ya debiti ya hapa, jua kwamba pampu inaweza kuzuia dola 100 au zaidi kwa muda, hata kama umejaza mafuta ya dola 20. Mwenye dola 120 kwenye akaunti anaweza kujikuta hana ya chakula hadi benki iachie.

Jina jema huku linaandikwa

Kwetu mtu mwenye jina jema ni yule asiyedaiwa. Huku asiyewahi kudaiwa hana jina kabisa. Kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, huweka kumbukumbu za nani alikopa, kiasi gani na kama alilipa kwa wakati. Kutokana na kumbukumbu hizo hutolewa alama za mkopo. Alama za FICO, zinazotumika sana, huanzia 300 na kuishia 850.

Wakenya wataikumbuka CRB, ambayo wengi huisikia mtu anapokwama na mkopo. Huku ofisi hizo huandika mabaya na mazuri. Ila kwa kawaida kumbukumbu zako za nyumbani hazivuki bahari. Hata kama ulilipa SACCO yako miaka 10 bila kuchelewa, hapa unaanza upya.

Alama hizo zinagusa maisha ya kila siku. Mwenye nyumba anaziangalia kabla ya kukupa ufunguo. Muuza magari anazitumia kupanga riba. Katika Texas, sheria inaruhusu hata kampuni za bima ya gari kuangalia kumbukumbu zako za mkopo zinapopanga bei. Katika mji ambao gari si anasa, hilo ni jambo la mfukoni.

Pa kuanzia

Anza na akaunti ya kawaida yenye kadi ya debiti. Benki inaruhusiwa kumfungulia mgeni akaunti kwa pasipoti, ingawa kila moja ina masharti yake. Vipo pia vyama vya akiba na mikopo, ndugu wa SACCO zetu, ambavyo mara nyingi vina ada ndogo. Hakikisha amana yako ina bima ya serikali, FDIC kwa benki na NCUA kwa vyama hivyo. Zote hulinda hadi dola 250,000.

Kwa mkopo, wengi huombwa namba ya Social Security. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kwa kawaida huipata baada ya kuajiriwa kazi inayoruhusiwa, kama ile ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Na tangu sheria ya kadi ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 21 lazima aoneshe kipato chake mwenyewe au awe na mtu mzima wa kusaini naye.

Njia nyepesi ni kadi ya mkopo yenye dhamana. Unaweka benki, tuseme, dola 300, nayo inakupa kadi yenye kikomo cha dola 300. Nunulia kitu kimoja au viwili ambavyo ungenunua hata hivyo, kama mafuta na simu, usizidi dola 90 hivi, kisha lipa deni lote kabla ya tarehe. Kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30 katika alama za FICO, na kulipa kwa wakati asilimia 35. Baada ya miezi sita hivi utaanza kuwa na alama. Ukitunza mwenendo huo, benki nyingi hurudisha dhamana yako.

Kukopa harusi, kulipa matanga

Mtego upo kwenye maneno madogo ya ankara: malipo ya chini. Ukidaiwa dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, riba ya mwezi mmoja ni kama dola 20. Ukilipa dola 25 zilizoandikwa pale, deni limepungua dola 5 tu. Ukilipa salio lote kila mwezi, manunuzi hayatozwi riba.

Hapa Waislamu wana swali la ziada. Wapo wanaokwepa kadi ya mkopo kabisa kwa kuwa mkataba wenyewe una sharti la riba, na wapo wanaoichukua wakilipa yote kabla ya tarehe ili wasiitoe. Hilo tunawaachia wanazuoni. Tunachoweza kusema ni kwamba kadi si njia pekee: baadhi ya wenye nyumba huripoti kodi inayolipwa kwa wakati. Uliza kabla ya kusaini mkataba.

Kuna na simu kutoka nyumbani. Mdogo wako anahitaji ada, shangazi amelazwa, na wewe una kadi yenye kikomo cha dola 1,000. Fedha hiyo si yako. Ukituma kwa kadi ya mkopo, benki nyingi huihesabu kama umetoa fedha taslimu, zikakutoza ada na riba kuanzia siku hiyohiyo. Tuma kwa kadi ya debiti ya benki ya hapa au moja kwa moja kutoka kwenye akaunti. Tena tangu Januari 1, 2026, anayepeleka noti kwa wakala ili zitumwe nje ya Marekani anakatwa kodi ya asilimia 1, na anayetuma kwa akaunti au kadi ya benki ya Marekani hakatwi. Kama huna, sema huna. Ndugu wataelewa upesi kuliko benki.

Mwisho, jihadhari na wanaopiga simu wakijifanya uhamiaji au watoza kodi, wakikutaka ununue kadi za zawadi dukani na kuwasomea namba zake. Hakuna ofisi ya serikali ya Marekani inayodai malipo kwa kadi za zawadi. Kata simu, kisha mwambie mwenzako, maana wakikukosa wewe watampigia yeye.

Kwa ndugu aliyefika wiki hii, haya ndiyo ya mwezi wa kwanza: fungua akaunti moja, weka simu ikupe taarifa kila fedha inapotoka, na usisaini kadi yoyote inayogawiwa mezani pamoja na fulana ya bure hadi usome riba yake. Ukiwa na barua ya benki usiyoielewa, ije nayo kwenye kikao cha chama. Tutaisoma pamoja, kwa Kiswahili.